Yaliyoandikwa Juu ya Kyela Yako Wapi?



Mwaka 2016 jarida la tiba la The Lancet, la Uingereza, lilitoa makala moja ambayo ndani yake mna watu 1,055, wote wa hapa wilayani Kyela. Watu hao walikuwa sehemu ya utafiti mkubwa ulioanza 2006 ukaisha 2011, katika maeneo tisa ya kusini-magharibi mwa nchi, ukiendeshwa na kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pamoja na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani. Baadhi yenu mnakumbuka kazi za namna hiyo: gari linaingia kijijini, mwenyekiti ameshatangaza, watu wanahojiwa, wanatoa damu, na baadaye timu inarudi kwa watu wale wale. Swali lililojibiwa na damu ile lilikuwa zito. Je, mwenye minyoo ya matende na mabusha yuko katika hatari zaidi ya kuambukizwa Virusi vya UKIMWI kuliko asiye nayo? Jibu likawa ndiyo, takriban mara mbili, na kwa vijana hatari ilikuwa kubwa zaidi.

Sisi ni watu wa bondeni. Maji husimama mashambani, mbu hawatuishi, na tunao wazee waliobeba mabusha miaka mingi wakaona haya hata kumwambia mganga. Habari ile ilituhusu kuliko ilivyomhusu mtu mwingine yeyote duniani. Sasa jiulize, msikilizaji wangu: uliwahi kuisikia? Ilisomwa katika mkutano wa kijiji chenu? Ilibandikwa katika ubao wa zahanati?

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya kuhesabu maandiko ya kisayansi: nani anaandika juu yetu, anachapisha wapi, na nani anasoma.

Tuitazame kwanza ile makala ilivyo. Juu kuna kichwa cha habari. Chini ya kichwa kuna mstari wa majina, tisa kwa jumla. Jina la kwanza ni la mtafiti wa Munich, na la mwisho ni la mtafiti wa Munich. Katikati, pamoja na Wajerumani wengine, wapo Watanzania watatu: Lucas Maganga, Williams Makunde na Leonard Maboko, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS). Katika tiba na baiolojia mpangilio huo una maana yake. Wa kwanza ndiye aliyebeba uchambuzi na uandishi. Wa mwisho ndiye kiongozi, mwenye maabara, na mara nyingi ndiye mwenye fedha. Wanaobaki katikati ni wale ambao bila wao kazi isingefanyika, lakini kwenye kutafuta fedha za utafiti unaofuata majina yao hayana uzito ule ule.

Wapo wataalamu waliohesabu mambo haya kwa bara zima. Mwaka 2019 jarida la BMJ Global Health lilichapisha uchambuzi wa makala 7,100 za afya zilizohusu nchi za Afrika, zilizotoka kati ya 2014 na 2016. Katika kila makala 100, zaidi kidogo ya 13 hazikuwa na hata mwandishi mmoja wa nchi iliyochunguzwa. Pale washirika walipotoka vyuo vikubwa vya Marekani, waandishi wa kwanza wenyeji walikuwa asilimia 23 tu. Waafrika waliposhirikiana na Waafrika wa nchi nyingine, wenyeji walionekana zaidi. Nimeipenda sana kazi hiyo, kwa sababu iligeuza kilio cha miaka mingi kuwa namba zinazoweza kuwekwa mezani.

Hapa kwetu mifano haiko mbali. Panda barabara ya Tukuyu, ukate kuelekea Masoko, utakuta ziwa dogo la mviringo lililolala katika mdomo wa volkano ya zamani. Wenyeji huliita Kisiba. Mwaka 2015 jarida la Science la Marekani lilitoa makala juu ya samaki wa ziwa hilo, ikionyesha kwa ushahidi wa vinasaba jinsi aina moja ya samaki inavyoanza kugawanyika kuwa mbili, wanaokaa kina kifupi upande mmoja na wanaokaa kina kirefu upande mwingine. Ni kazi ya kusisimua. Darasa la baiolojia lolote la sekondari zetu lingepaswa kwenda kuliona ziwa lile huku mwalimu ameshika makala hiyo mkononi. Katika waandishi wake kumi, Mtanzania ni mmoja, Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI).

Na kipunji je? Wawindaji wa Kinyakyusa wa mlima Rungwe walimjua nyani huyo kwa jina lake. Dunia ya sayansi ilimfahamu mwaka 2003, na mwaka 2005 akatangazwa katika jarida hilo hilo la Science. Katika majina saba ya waandishi, mawili ni ya Watanzania, Noah Mpunga na Sophy Machaga. Jina la kisayansi limebakiza neno la wawindaji: Rungwecebus kipunji. Neno lao limeingia katika vitabu vyote vya wanyama duniani. Wawindaji wenyewe hawamo.

Fani ya kuhesabu maandiko inaitwa bibliometria, jina lililoenea baada ya Mwingereza Alan Pritchard kulipendekeza mwaka 1969. Mizizi yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1934 mkutubi wa London, Samuel Bradford, alionyesha kwamba makala nyingi za fani yoyote hukusanyika katika majarida machache, na zilizobaki hutawanyika katika majarida mengi mno. Eugene Garfield, huko Philadelphia, akajenga juu ya wazo hilo. Kama makala za maana ziko katika majarida machache, ukiyashika hayo umeshika sehemu kubwa ya sayansi. Mwaka 1964 akatoa faharasa kubwa iliyoonyesha nani amemnukuu nani. Kwa mara ya kwanza ikawezekana kuuliza makala fulani imetajwa mara ngapi, na chuo fulani kimeandika makala ngapi. Faharasa hiyo ndiyo mama wa hifadhidata zinazotumika leo kupanga vyuo vikuu kwa ubora.

Tatizo letu linaanzia pale pale. Majarida machache yaliyochaguliwa kuwa makuu yalikuwa ya nani? Ya Ulaya na Marekani, kwa sehemu kubwa, na kwa Kiingereza. Jarida la nchi changa, linalohaririwa na walimu baada ya kumaliza vipindi vyao, lilibaki nje. Likiwa nje, makala zake hazihesabiwi. Zisipohesabiwa, mtafiti mwenye makala bora anaipeleka kwingine. Anapoipeleka kwingine, jarida la nyumbani linazidi kudhoofika, na anayepima ubora anasema: mnaona, tulisema halifai.

Nitoe mfano wa shambani, maana huko ndiko tunakoelewana. Kuna mbegu ya mpunga inayoitwa SARO 5, ambayo wataalamu huiita TXD 306. Ilitolewa na kituo cha utafiti cha Dakawa, Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na imepandwa na wakulima wengi sana wa nchi hii. Mafanikio ya mbegu yanaonekana kwenye magunia na kwenye ada za shule. Lakini hifadhidata ya makala haina safu ya magunia. Mtaalamu aliyetumia miaka kumi kuzalisha mbegu anaweza kuonekana dhaifu mbele ya mwenzake aliyeandika makala nne juu ya chembe moja ya protini, kwa sababu kinachohesabiwa ni karatasi, na karatasi yenyewe iwe ya jarida linalotambulika.

Vivyo hivyo kwa kimyanga, ule ugonjwa wa virusi unaougeuza mpunga kuwa wa njano ukadumaa. Ulionekana kwa mara ya kwanza karibu na Kisumu, Kenya, mwaka 1966. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, wameushughulikia kwa miaka mingi. Mengi wanayoyajua yamo katika tasnifu za wanafunzi zilizo kwenye rafu za Morogoro, katika ripoti za miradi, na katika vijitabu vya wagani. TAFIRI nao wana kituo hapa hapa Kyela. Ripoti za samaki waliopimwa, usipa na mbasa wa Ziwa Nyasa, ni ujuzi kamili. Mwenye kuhesabu kwa kompyuta akiwa Uholanzi haoni chochote katika hayo, na anaweza kuandika kwa dhati kabisa kwamba sehemu hii ya dunia haina utafiti wa kutosha.

Hata kile kinachoonekana, kinaonekana kwa vipande. Ziwa letu tunaliita Nyasa. Majarida mengi ya dunia huliita Lake Malawi, na kwa Kireno ni Lago Niassa. Mtafiti anayeingiza jina moja katika hifadhidata anakosa makala za majina mengine, na samaki aliyevuliwa hapa kwetu Matema anaingia katika hesabu ya nchi jirani. Ziwa Kisiba nalo huandikwa Masoko kwa s moja, na mahali pengine Massoko kwa s mbili. Watu pia hupotea. Koo zetu nyingi huanza na Mwa, na faharasa za kizamani zilichukua jina la ukoo na herufi ya kwanza tu. A. Mwaipopo wa kilimo, A. Mwaipopo wa hospitali na A. Mwaipopo wa jiolojia wakawa mtu mmoja mwenye vipaji vya ajabu. Vijana wetu walioko vyuoni nawasihi: tangu 2012 kuna namba ya utambulisho ya watafiti iitwayo ORCID, inatolewa bure. Jiandikishe kabla ya makala yako ya kwanza.

Kuna mtu mmoja wa zamani ambaye sipendi mazungumzo haya yapite bila kumtaja. Kati ya 1934 na 1938 wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya utafiti katika nchi ya Wanyakyusa. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akaandika kitabu cha Good Company mwaka 1951, kikafuatwa na vingine juu ya matambiko, na cha mwisho kilitoka 1977. Vitabu hivyo vimesomwa katika vyuo vya dunia nzima. Kwa wanafunzi wengi wa Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, Mnyakyusa ni yule wa kwenye kurasa hizo: vijiji vya marika, heshima ya wakwe, mazishi, machifu.

Godfrey Wilson alikuwa na karani, kijana wa hapa, Leonard Mwaisumo. Ndiye aliyeandika mazungumzo ya wazee, akatafsiri, akaeleza maana ya lililosemwa na lililoachwa bila kusemwa. Alizaliwa mwaka 1910 akafa 1938, kijana wa miaka isiyotimu thelathini. Jina lake halikuwekwa kwenye jalada la kitabu hata kimoja. Ilipofika 2013, miaka 75 baada ya kifo chake, ndipo ilipotoka sura nzima juu ya maisha na kazi yake, katika kitabu cha Cambridge kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake. Sura hiyo iliandikwa na Rebecca Marsland, mwanaanthropolojia ambaye mwenyewe alifanya utafiti wake Kyela. Namshukuru kwa kazi hiyo. Lakini Mwaisumo ana warithi wengi walio hai. Ni yule kijana mwenye kishikwambi anayepita hapa kwetu Talatala akiuliza una ekari ngapi, ulivuna magunia mangapi, mna choo cha namna gani. Anajua njia zote, anajua nyumba ipi ina msiba asiibishie hodi leo. Anajua pia kwamba mzee akisema ana ekari mbili amesahau lile la bondeni, na anamkumbusha kwa adabu. Ubora wa namba zote zitakazochorwa baadaye unategemea dakika hiyo. Naye hulipwa posho ya siku, na utafiti ukiisha anarudi kubeti au kuendesha bodaboda.

Wapo watakaosema serikali imeanza kuhamasisha watafiti wetu waandike. Ni kweli. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza tuzo ya hadi shilingi milioni 50 kwa mtafiti wa Kitanzania atakayechapisha katika majarida yenye hadhi ya juu kabisa duniani. Nafurahi fedha kumwendea mwanasayansi. Ila naona hatari. Majarida yale yana wahariri wake, na wahariri wana vipaumbele vyao. Swali la kimyanga katika jaruba la Talatala halitawavutia kama swali la vinasaba vya samaki wa Kisiba. Tena kuna gharama: mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza kwamba mwandishi anayetaka makala yake isomwe na wote bila malipo atatozwa yuro 9,500. Napendekeza tuzo nyingine ya ukubwa ule ule kwa majarida ya nyumbani, na kwa mtafiti ambaye kazi yake imebadilisha shamba, mtumbwi au wodi ya wazazi, imeandikwa popote ilipoandikwa.

Mwenye simu yenye intaneti ajue pia kwamba Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Tanzania Journal of Health Research la NIMR yanapatikana katika maktaba ya mtandaoni ya AJOL, ambayo ipo tangu 1998 kwa ajili ya majarida ya Afrika. Walimu wa sekondari, pitieni huko na wanafunzi wenu.

Sasa tufanye nini hapa kwetu? Kibali cha maadili cha NIMR kina masharti yaliyoandikwa. Ripoti ya maendeleo ya utafiti ipelekwe wizarani na NIMR, na kwa mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya. Nakala za machapisho zifike wizarani na NIMR. Ni masharti mazuri, ila yanaishia wilayani. Kata haimo, kijiji hakimo, na mwenye damu hayumo. Halmashauri yetu haihitaji sheria mpya ili kuongeza sharti lake: kila mtafiti anayeleta barua ya kuomba kuingia Kyela aahidi kwa maandishi kurudisha muhtasari wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, katika ofisi ya kata aliyofanyia kazi, na kutaja katika shukrani majina ya waliokusanya taarifa, kwa ridhaa yao.

Jambo la pili ni orodha. Kyela haina daftari la yote yaliyoandikwa juu yake, kuanzia Wajerumani wa enzi ya ukoloni, kina Wilson, hadi minyoo, kakao, mpunga, mafuriko na samaki. Kazi hiyo ingefaa sana wanafunzi wa vyuo vya Mbeya wakati wa likizo, wakiongozwa na mkutubi. Waanze na majina yote ya ziwa, na tahajia zote za vijiji. Waingize tasnifu na ripoti, wasiishie kwenye hifadhidata za nje. Orodha ikikamilika, tutaona kwa macho yetu wapi tumeandikwa mara mia na wapi hakuna aliyewahi kuuliza swali. Baada ya hapo tutaweza kuwaambia watafiti wanaokuja: hili limeshajibiwa, tusaidieni lile.

Na wewe msikilizaji una sehemu yako. Kama wewe, mzazi wako au jirani yako mliwahi kuhojiwa au kutolewa damu, huenda ile karatasi ya ridhaa bado iko ndani ya sanduku pamoja na kadi za kliniki. Mara nyingi ina jina la utafiti na namba ya kibali. Inakili, mpelekee mtendaji wa kata. Na siku mtafiti mwingine akibisha hodi, mkaribishe, mpe kiti kivulini, na kabla hujajibu swali lake la kwanza muulize: majibu yakipatikana, nakala ya Kiswahili mtaileta lini, na mtamkabidhi nani?